Deni Lililokopwa kwa Jina la Askari



Tarehe 29 Desemba 2018, katika uwanja wa ndege wa O. R. Tambo mjini Johannesburg, askari polisi wa Afrika Kusini walimkamata abiria mmoja aliyekuwa safarini kuelekea Dubai. Abiria huyo hakuwa mwizi wa mifukoni wala mchukuzi wa dawa za kulevya. Alikuwa Manuel Chang, mbunge wa Msumbiji, ambaye kwa miaka kumi, tangu 2005 hadi 2015, alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi yake. Hati ya kumkamata ilikuwa imetolewa Marekani. Alikaa mahabusu Afrika Kusini miaka minne na nusu, huku Maputo na Washington zikigombania haki ya kumhukumu, hata Julai 2023 akakabidhiwa kwa Wamarekani. Agosti 2024 baraza la wazee wa mahakama mjini New York, katika mtaa wa Brooklyn, lilimwona ana hatia ya kula njama za udanganyifu na za kusafisha fedha haramu. Januari 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu.

Mpiganaji aliye lindoni mpakani, au koplo wa polisi aliye zamu usiku huu, ana haki ya kuuliza: mambo ya waziri wa fedha wa nchi nyingine yanamhusu nini yeye? Yanamhusu kwa sababu moja kubwa. Fedha zilizomfikisha Chang gerezani zilikopwa kwa jina la ulinzi. Yaliyoandikwa katika mikataba ni boti za doria, rada, vituo vya kulinda pwani na maslahi ya Taifa baharini. Kila mtu aliyethubutu kuuliza bei alijibiwa kwamba hiyo ni siri ya usalama. Kwa hiyo askari wa Msumbiji, ambaye hakuulizwa wala hakuonyeshwa karatasi yoyote, ndiye aliyetumiwa kuwa pazia.

Msumbiji si nchi ya mbali kwa Watanzania. FRELIMO iliundwa mjini Dar es Salaam mwaka 1962, na wapigania uhuru wake walipata mafunzo Nachingwea. Risasi za kwanza za vita vya ukombozi zililia tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika Jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Jimbo hilo hilo, ambalo lilitoa vijana wengi kwa vita hivyo na ambalo baada ya uhuru liliendelea kuwa miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya Msumbiji, ndilo ambalo mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani ilivumbua mbele ya pwani yake hazina kubwa ya gesi asilia. Mwaka uliofuata kampuni ya Eni ya Italia ikavumbua nyingine. Magazeti ya ulimwengu yakaanza kuifananisha Msumbiji na nchi tajiri za Ghuba. Mabenki ambayo zamani yalikuwa yakipita Maputo bila kugeuza shingo, sasa yakaanza kubisha hodi.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Wahenga walionya dhidi ya kumkatia kanzu mtoto aliye bado tumboni. Gesi ilikuwa ingali chini ya sakafu ya bahari, na miaka mingi ilibaki kabla ya shehena ya kwanza kuuzwa, lakini watu wachache walikwisha tambua kwamba utajiri unaotarajiwa unaweza kuwekwa rehani leo. Mwaka 2013 na 2014 ziliundwa kampuni tatu za Serikali, na katika zote tatu idara ya usalama ya Taifa, yaani SISE, ilikuwa na mkono wake. ProIndicus ilikopa dola milioni 622 kwa ajili ya ulinzi wa pwani. EMATUM ilikopa dola milioni 850, ikielezwa kuwa ni kampuni ya kuvua samaki aina ya jodari. MAM ilikopa dola milioni 535 kwa ajili ya karakana za kutengeneza meli. Jumla ilipita dola bilioni mbili. Wakopeshaji walikuwa benki ya Credit Suisse ya Uswisi na benki ya VTB ya Urusi. Muuzaji wa vyombo vyote alikuwa kampuni moja, Privinvest, yenye makao Abu Dhabi.

Yafaa kuitazama kwa makini hesabu ya ProIndicus, kwa maana ndiyo inayoonyesha jinsi gesi na bunduki zilivyofungwa kamba moja. Kampuni hiyo ilitarajiwa kulipa mkopo wake kwa kuyauzia makampuni ya gesi huduma ya ulinzi baharini. Yaani, Serikali inunue boti kwa mkopo, iwalinde wawekezaji, wawekezaji walipe, na mkopo ujilipe wenyewe. Juu ya karatasi mpango huo ulipendeza. Lakini mteja aliyetegemewa hakuwa amefunga mkataba wowote wa kulipa, na mapato yaliyoandikwa hayakuingia. MAM ilishindwa kulipa fungu lake la kwanza la dola milioni 178 mwezi Mei 2016.

Dhamana za Serikali kwa mikopo yote mitatu zilitiwa saini na Waziri Chang. Katiba ya Msumbiji na sheria za bajeti zilitaka Bunge lipewe nafasi ya kuamua, na kiwango cha dhamana kilichoruhusiwa kwa mwaka kilikuwa kidogo mno kulinganishwa na mabilioni hayo. Bunge halikuulizwa. Mkopo wa EMATUM ulijulikana kwa sababu uliuzwa katika masoko ya fedha ya Ulaya; ile mingine miwili ilikaa gizani hadi Aprili 2016, ilipofichuliwa na gazeti la Marekani. Fikirini aibu ya mbunge wa Maputo anayesoma habari za deni la nchi yake katika gazeti la New York!

Matokeo yalikuwa ya haraka na makali. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mikopo yake. Nchi wahisani zilizokuwa zikichangia bajeti moja kwa moja zikafunga mifuko. Metikali, iliyokuwa ikibadilishwa kwa kiasi cha 30 kwa dola moja katika mwaka 2014, ilikaribia 80 kwa dola kabla ya mwaka 2016 kwisha. Mshahara wa mwalimu, wa muuguzi na wa askari ulibaki kwa tarakimu ile ile, lakini mchele, mafuta ya taa na nauli vilipanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na taasisi mbili, moja ya Msumbiji na nyingine ya Norway, ulikadiria kwamba hasara yote kwa uchumi wa nchi ilifika angalau dola bilioni 11, na kwamba karibu watu milioni mbili walitumbukizwa katika umaskini. Hasara hiyo ni zaidi ya mara tano ya fedha zilizokopwa. Ndivyo yanavyokuwa madeni ya siri: kinachoharibika si fedha peke yake, bali pia uaminifu wa nchi mbele ya kila mtu anayefanya nayo biashara.

Ukaguzi wa hesabu ulifanywa na kampuni ya Kroll, na muhtasari wake ukatangazwa Juni 2017. Wakaguzi waligundua kwamba bei za vyombo na huduma zilikuwa zimeongezwa kwa kiasi walichokadiria kuwa dola milioni 713. Meli za kuvulia za EMATUM ziliandikiwa dola milioni 22.3 kila moja. Mtaalamu aliyeombwa kuzipima alisema kwamba thamani ya meli kama hiyo ni kiasi cha dola milioni mbili. Kuhusu dola milioni 500 za mkopo huo, wakaguzi hawakupata hati za kutosha kuonyesha zilitumikaje. Walipokwenda kwa wakuu wa usalama kuomba maelezo, walirudishwa kwa neno lile lile: siri ya Taifa. Nazo meli zenyewe, zilizojengwa Cherbourg huko Ufaransa, zilikuwa zimefungwa gatini katika bandari ya Maputo zikila kutu.

Hapa ni lazima mambo mawili yatenganishwe, maana wanaotumia vibaya neno "siri" hupenda yachanganyike. Mahali boti ya doria ilipo usiku huu ni siri, na askari anayeitoboa anastahili adhabu. Masafa ya redio, njia za doria, idadi ya risasi ghalani, majina ya watoa habari: hayo yote ni siri halali na hakuna raia mwenye akili anayedai kuyajua. Lakini bei ya boti si siri ya kivita. Jina la muuzaji, riba ya mkopo, tarehe ya kulipa na saini ya mdhamini havimsaidii adui kuzamisha chombo. Mambo hayo yanaweza kufikishwa mbele ya kamati ya Bunge, milango ikiwa imefungwa ikibidi, na mbele ya mkaguzi wa hesabu aliyekula kiapo. Adui aliyefichwa bei za EMATUM hakuwa jasusi wa kigeni. Mabenki ya kigeni yalizijua zote. Aliyefichwa ni mwananchi wa Msumbiji na mbunge wake.

Kwa upande mwingine, jeshi halikupata kile lilichokopewa. Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Waliotangulia kufa katika vita hivyo walikuwa askari polisi. Machi 2020 waasi waliushambulia tena mji huo, wakitokea nchi kavu na baharini. Agosti mwaka huo waliiteka bandari yake na kuishikilia kwa mwaka mzima. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mkoa wa Mtwara, na damu ya Watanzania ikamwagika. Tarehe 24 Machi 2021 waliuingia mji wa Palma, mlangoni kabisa pa mradi wa gesi wa Afungi uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Total ya Ufaransa. Watu waliozingirwa hotelini waliokolewa kwa helikopta za kampuni binafsi ya ulinzi. Mwezi uliofuata Total ilisimamisha mradi wa dola bilioni 20.

Je, boti za ProIndicus zingefanya kazi zake, bandari isingetekwa? Hakuna awezaye kuapa. Chanzo cha uasi ule ni vitu vingi vilivyofumana: mafundisho ya chuki, vijana wasio na kazi, ardhi iliyochukuliwa, magendo ya miti na vito, na hisia ya muda mrefu kwamba utajiri wa kaskazini huliwa kusini. Ila jambo moja ni dhahiri. Nchi ilikuwa imekwisha kutia saini madeni ya dola bilioni mbili kwa jina la kulinda pwani ile, na pwani ile ilipowaka moto ilibidi ziombwe Rwanda na nchi za SADC kuleta majeshi, kuanzia Julai 2021. Wapiganaji wa Tanzania walikuwa miongoni mwa waliokwenda na kikosi cha SADC, kilichokaa huko hadi Julai 2024. Wao hawahitaji kuelezwa na redio nini maana ya kulipia kwa jasho hesabu iliyofichwa na wengine.

Mashtaka yalichukua muda, lakini hayakufa. Kuanzia Agosti 2021, katika hema lililosimikwa ndani ya uwanja wa gereza lenye ulinzi mkali nje kidogo ya Maputo, Jaji Efigénio Baptista alisikiliza kesi ya watu 19, na raia waliifuata siku baada ya siku katika redio na televisheni. Desemba 2022 washtakiwa 11 walitiwa hatiani na wanane wakaachiwa. Mkuu wa zamani wa SISE, Gregório Leão, alipewa miaka 12; mkurugenzi wake wa masuala ya uchumi, António Carlos do Rosário, miaka 12; na Ndambi Guebuza, mwana wa Rais mstaafu Armando Guebuza, miaka 12 pia. Ni nadra katika bara letu kumwona mkuu wa ujasusi akisimama kizimbani kujibu maswali ya hesabu. Nje ya nchi, maofisa watatu wa zamani wa Credit Suisse walikiri makosa mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2019, ingawa mwakilishi wa Privinvest aliyeshtakiwa huko aliachiwa huru mwaka huo huo. Credit Suisse ilikubali Oktoba 2021 kulipa dola milioni 475 kwa wakuu wa Marekani na Uingereza, na kuifutia Msumbiji deni la dola milioni 200. Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Privinvest ilitoa hongo, na ikaipa Msumbiji haki ya fidia ya zaidi ya dola milioni 825. Kushinda kesi na kupokea fedha mkononi, hata hivyo, ni safari mbili mbalimbali.

Kuna somo jingine ambalo halisemwi sana. Msumbiji ilijiunga mwaka 2009 na mpango wa kimataifa wa uwazi katika mapato ya madini, mafuta na gesi, ujulikanao kwa herufi EITI. Katika mpango huo makampuni hutangaza yaliyoilipa Serikali, Serikali hutangaza iliyopokea, kisha mtu wa tatu huzilinganisha hesabu hizo mbili. Oktoba 2012 Msumbiji ilitangazwa kuwa imetimiza masharti yote. Miezi minne baadaye mkopo wa kwanza wa siri ulitiwa saini! Mpango haukudanganya, ulikuwa ukiangalia mlango wa mbele tu. Fedha zilizokwisha ingia zilihesabiwa vizuri, hali fedha ambazo hazijaingia zilikuwa zikiwekwa rehani kwa mlango wa nyuma. Hata wadai wenyewe walikwisha kuliona hilo: mwaka 2018, katika mazungumzo ya kupanga upya deni la EMATUM, waliahidiwa asilimia 5 ya mapato ya gesi ya baadaye, hadi dola milioni 500. Wananchi walipiga kelele, na katika makubaliano ya mwaka 2019 kipengele hicho kikaondolewa.

Tangu hapo hatua zimechukuliwa. Baraza la Katiba lilitamka kwamba dhamana ya EMATUM ni batili mwezi Juni 2019, na zile nyingine mbili Mei 2020. Gesi ya kwanza ya Cabo Delgado, itokayo katika kiwanda kinachoelea baharini cha Coral Sul, ilianza kusafirishwa Novemba 2022. Desemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mfuko wa Utajiri wa Taifa: kwa miaka 15 ya mwanzo asilimia 40 ya mapato ya gesi huwekwa katika Mfuko na asilimia 60 huingia katika bajeti, kisha hugawanywa nusu kwa nusu. Benki ya Msumbiji ndiyo mwendeshaji, na kamati yenye wajumbe kutoka katika jamii huripoti Bungeni. Wabunge wa upinzani waliikataa sheria hiyo, wakidai usimamizi bado uko karibu mno na Serikali. Hoja yao haipaswi kupuuzwa, kwani Mfuko wenye akaunti safi hauwezi kuzuia waziri mwingine kutia saini dhamana chumbani. Swali la kuulizwa kila mwaka ni mbili: kimeingia nini, na kimeahidiwa nini kwa nani.

Upande huu wa Ruvuma nako gesi ipo, Mnazi Bay na Songo Songo, na nyingi zaidi katika bahari kuu. Mwaka 2013, wakati Maputo ikikopa kwa siri, wananchi wa Mtwara walikuwa wakipinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, na polisi wakajikuta uso kwa uso na watu waliokuwa wakiuliza sehemu yao iko wapi. Sheria ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi ilipitishwa mwaka 2015, ikitaka malipo na mikataba viwekwe hadharani. Ofisa yeyote aliyewahi kutuliza umati wenye hasira anajua kwamba takwimu iliyobandikwa ukutani mapema hupunguza mabomu ya machozi baadaye.

Kuhusu Msumbiji, mambo hayajakwisha. Novemba 2025 kampuni ya Total, sasa TotalEnergies, iliondoa zuio lake juu ya mradi wa Afungi, na shehena ya kwanza inatarajiwa mwaka 2029. Deni la meli za jodari, baada ya kupangwa upya mwaka 2019, liligeuzwa kuwa hatifungani ya dola milioni 900. Riba yake ilianza kwa asilimia 5 na ikapanda hadi asilimia 9. Asili ya deni ilipangwa kulipwa kwa mafungu manane hadi Septemba 2031, na fungu la kwanza liliwekwa Machi 2028, mwaka mmoja kabla ya meli ya kwanza ya gesi kuondoka Afungi.